Picha Pekee Haitoshi

Mwaka jana nilimwomba shangazi anitolee daftari la marehemu bibi lenye Utendi wa Mwana Kupona, ule ambao Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye Mwana Hashima mwaka 1858. Lilikuwa ndani ya kasha, limefungwa kwa leso, na karafuu chache za kufukuza wadudu. Nikazipiga picha kurasa zote kwa simu, dirishani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Mchwa wameshakula pembe na wino mweusi umefifia, ila vituo vyekundu baina ya kipande na kipande bado vinang'aa. Nikadhani kazi imekwisha.

Kisha nikajaribu kusoma. Daftari ni la Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu; nimesoma chuoni, yaani madrasa, na herufi hizo si ngeni kwangu. Lakini Kiarabu hakina p, wala e, wala o, na waandishi wetu wa zamani walitumia walichokuwa nacho. Herufi be ilibeba b na p, na mara nyingi hata mb. Andika be mbili, kila moja na fat-ha yake, alama ya a: ni baba, ni papa, ni pamba, au ni bamba? Kasra, alama ya chini ya herufi, ni i na ni e pia. Ubeti wa nne nikakwama. Shangazi, ambaye miwani aliiacha chumbani, akanidakia neno na kuendelea kwa mahadhi, ubeti baada ya ubeti. Kile ambacho jicho langu halikukiona, yeye alikuwa nacho sikioni: mizani nane za kila kipande, vina, na sauti ya mama yake.

Kwa hiyo nasema wazi: anayepiga picha utendi wa Kiswahili bila kurekodi anayejua kuughani, amehifadhi nusu.

Siidharau kazi ya picha hata kidogo. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, imepigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini. Nakala nyingi alizoandika Muhamadi Kijuma wa Lamu kwa mkono wake ziko chuo kikuu cha SOAS, London, na leo mtu wa Pate anaweza kuzitafuta mtandaoni bila kupanda ndege. Ni neema kubwa. Lakini mwenye ukurasa kwenye skrini hukutana na be ileile niliyokutana nayo mimi.

Wengine wananiambia programu za kusoma mwandiko zitamaliza tatizo. Zitasaidia, naamini. Ila programu hiyo hujifunza kwa kupewa kurasa nyingi pamoja na usomaji wake sahihi, na usomaji huo lazima utoke kwa watu. Wenye nao ni wazee. Na wazee wawili wakisoma neno moja kwa namna mbili, nawasihi msichague: rekodini wote wawili, andikeni kila mmoja ametoka mji gani na alifundishwa na nani. Kiamu, lahaja ya Lamu, na Kimvita cha Mombasa si kitu kimoja, na huenda tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha daftari lilitoka wapi.

Jambo jingine ni mahali pa kuweka. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza, na huduma zake za mtandaoni zikakatika kwa muda mrefu. Taasisi kubwa kiasi hicho! Nakala ibaki pia Lamu, ibaki Mombasa, ibaki kwa wenye daftari.

Sisi tumefika ukurasa wa kumi na mmoja. Simu naiweka juu ya mto ili feni isiingie kwenye sauti, na kila ubeti una faili lake lenye namba sawa na ya picha. Juzi shangazi alijisikiliza, akatikisa kichwa. "Hapo nimekosea," akasema, "rudia." Tukarudia, na faili la kwanza sikulifuta.