Sisi wa Tumbo Tumekoma

Jamani, mtu akikwambia maisha ya Mirihi ni matamu, muulize kwanza alizaliwaje. Kama alikuzwa kwenye mtungi, jeni zake zikachongwa na kupigwa msasa kabla hajaota hata kidole, mwache aseme, ana haki yake. Sisi tuliotoka tumboni mwa mama tukipiga kelele, na jeni za bahati nasibu, tuna habari nyingine kabisa.

Nianze na hewa, maana ndiyo inayoniua. Nje ya mji huu hewa ni kabonidayoksaidi karibu yote, na mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya ule wa Duniani. Kwa hiyo kila pumzi tunayovuta humu ndani inatoka kwenye mashine, na mashine inakula umeme. Wakubwa wakakaa kikao, wakaona wakazi wengi wamewekewa ile jeni ya EPAS1 ya Watibeti, watu walioishi milimani mita 4,000 kwenda juu, penye oksijeni kidogo, vizazi na vizazi bila damu yao kuwa nzito. Wakaamua oksijeni ishushwe. Wengi wape, wachache na wahemee.

Mimi nikipanda ngazi ya ghorofa moja nafika juu naongea silabi mojamoja. Jirani yangu wa mtungi ananipita akiimba. Anaimba, ndugu zangu, ngazini! Halafu anageuka, ananitazama kwa huruma na kuuliza, "Mzee wangu, nikubebe?" Wala hanidharau, ndiyo kinachoniudhi. Angenidharau ningemjibu. Yeye anataka kunibeba kwelikweli, na anaweza, maana breki ya misuli yake, hiyo wanayoiita myostatini, waliizima angali kiinitete. Wapo ng'ombe Ubelgiji ambao breki hiyo iliharibika yenyewe, wakawa wanatembea na misuli ya ng'ombe wawili. Sasa mwenzangu hajawahi kufanya mazoezi hata siku moja, mimi nina amri ya daktari. Huku uvutano ni asilimia 38 tu ya ule wa Duniani, mifupa inadekezwa, na mifupa ikidekezwa inalainika. Wanaanga wa zamani waliokuwa wakielea kule kwenye kituo cha kimataifa walipoteza karibu asilimia 1 ya mifupa kwa mwezi, hata kufanya mazoezi ya saa 2 kila siku ikawa sehemu ya kazi. Basi kila asubuhi nafungwa mikanda ya mpira mabegani, nakimbia mahali pamoja, natoka jasho. Jirani ana jeni ya LRP5 ya mifupa migumu. Waliozaliwa nayo Duniani, wengine walikuwa wanapata shida kuelea majini kwa jinsi mifupa ilivyo mizito. Bahati yake huku hakuna bwawa la kuogelea.

Hilo jasho sasa. Hilo jasho ndilo lililonitia aibu ya mwaka.

Lifti za huku zina kifaa cha kunusa hewa, eti kitoe taarifa mapema kama kuna bomba linavuja au waya unaungua. Wazo zuri. Lakini waliokipima na kukiwekea kiwango ni watu wa mtungi, na watu wa mtungi hawanuki kwapa. Si kwamba wanaoga sana. Ni jeni inayoitwa ABCC11, ambayo ikikaa upande fulani, nta ya masikio inakuwa kavu na kwapa linanyamaza. Watu wengi wa Asia ya Mashariki wamezaliwa nayo hivyo tangu zamani, bila kumlipa mtu. Huku wakampa kila anayetoka mtungini. Kwa hiyo kifaa cha lifti hakijawahi kukutana na kwapa la kawaida la baba wa familia aliyetoka mazoezini.

Nikaingia. Mlango ukafunga. Kengele ikalia. Taa nyekundu. Sauti ya kike, ya upole kabisa, ikasema: "Uvujaji usiojulikana umegunduliwa. Tafadhali vaeni barakoa." Lifti ikasimama katikati ya ghorofa. Watu kumi na kitu humo ndani wakavaa barakoa zao kwa utaratibu, wakaanza kukagua kuta. Mmoja akapiga magoti, ananusanusa mabomba ya chini. Mimi nimebana mikono ubavuni kama kuku aliyenyeshewa, natazama dari. Mafundi wakaja na kifaa chao cha mkononi, wakakipitisha ukutani, kimya. Sakafuni, kimya. Kilipofika kwangu kikalia mpaka kikazima. Yule fundi akanitazama, akatazama kifaa, akaandika kwenye ripoti: "Chanzo kimepatikana." Nikauliza kama nitapewa nakala, nikaambiwa ni ya matumizi ya ndani. Tangu siku hiyo napanda ngazi, na ngazi mnazijua zinavyonifanya.

Usiku nako hakulaliki. Siku ya huku ina saa 24 na dakika kama 39, kwa hiyo ungetegemea mtu apate hizo dakika za nyongeza avute shuka. Thubutu! Hawa wenzetu wamewekewa jeni ya DEC2, ile iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya kuonekana kwa watu wachache waliokuwa wanalala saa 6 hivi na kuamka wazima kama kawaida. Mtu aliyeshiba usingizi, na ni saa nane usiku, afanye nini? Anatoboa ukuta atundike picha. Anahamisha kabati. Anakuandikia ujumbe wa kazi, halafu asubuhi anashangaa hukujibu: "Ulikuwa unaumwa?" Nilikuwa nalala, bwana! Kulala kumekuwa ugonjwa wa kuombewa ruhusa.

Kwa kuwa silali, nasoma. Ndiyo maana mnaona nawatajia jeni kwa majina. Nikagundua kwamba mambo haya yote yalianzia kwa kondoo. Mwaka 1996 kule Uskoti walimnakili kondoo kutoka kwenye seli ya kiwele cha kondoo mwingine; kati ya mayai 277 akatoka Dolly mmoja. Mwaka 2017 kule Philadelphia wakachukua wanakondoo njiti, wakawalea hadi wiki 4 ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa maji, kitovu kimeunganishwa na mashine. Sijui kondoo walimkosea nani. Na kwa taarifa ya wanaobishana vijiweni, watu wa mtungi wana kitovu, maana chakula kinapita hapohapo. Msiwaombe wafunue mashati. Mimi niliona mtu akiombwa, sikupenda.

Halafu kuna suala la madirisha. Mkahawa wetu wa kazini una dirisha moja kubwa, unaona bonde lote jekundu mpaka jua linavyozama, na jua la huku likizama linageuka buluu, pazuri sana. Mimi hapo siruhusiwi zaidi ya dakika chache, kwa ajili ya mionzi. Meza za dirishani ni za wenye Dsup. Hiyo ni protini ya taridigradi, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho matupu, na mwaka 2016 Wajapani walipoiweka kwenye seli za binadamu maabara, madhara ya eksirei yalipungua kwa asilimia 40 hivi. Basi mwenye jeni ya mdudu anakula dirishani, na mimi niliye binadamu mtupu nakula chini ya ardhi. Foleni ya vidonge vya vitamini C nako niko peke yangu. Jeni ya kuitengeneza vitamini hiyo kila binadamu anayo, ila kwetu ilikufa zamani sana. Ya mbuzi inafanya kazi. Wa mtungi walifufuliwa ya kwao. Siku moja kijana wa dirisha la dawa aliniambia, "Mzee, mbuzi anakushinda." Nikapokea vidonge vyangu nikaondoka.

Lakini yote hayo ni cha mtoto ukilinganisha na habari ya bosi.

Bosi wetu wa zamani alikuwa mgumu. Mtu wa kuhesabu misumari. Ukichelewa dakika anakusubiri mlangoni, hasemi kitu, anatazama saa yake tu. Nilifanya naye kazi miaka mingi nikimwombea astaafu salama, tena mapema. Akastaafu. Tukamwandalia sherehe, mimi nikacheza kuliko wote. Jumatatu nafika kazini, nani amesimama mlangoni? Bosi. Uso uleule, masikio yaleyale, ila ndevu nyeusi. Shikamoo ikanitoka kabla sijafikiri. Kijana mdogo wa kumzaa mimi akaitikia, "Marahaba!"

Kumbe yule mzee alijinakili zamani bila kumwambia mtu. Alitoa seli, ikakuzwa, mtoto akasomeshwa Duniani miaka yote hiyo, akaja kushika kiti. Nikaenda nyumbani nimechoka kabisa. Mke wangu akanituliza, akaniambia nakala si mtu yuleyule, ni sawa na pacha aliyechelewa kuzaliwa, wala kumbukumbu hazipiti kwenye seli. Akanikumbusha yule paka wa kwanza kunakiliwa, mwaka 2001 kule Texas, ambaye hata rangi ya manyoya hakufanana na mwenye seli. Nikapata moyo.

Na kweli, kijana hakufanana na mzee wake. Anamchukia! Amekulia akiambiwa "wewe ni mtu fulani," sasa kazi yake duniani, samahani, huku Mirihi, ni kuonyesha kwamba si yeye. Mzee alikuwa anahesabu misumari, kijana akatupa daftari la stoo. Mzee alitaka watu wafike mapema, kijana akasema kila mtu aje anapojisikia. Tukashangilia. Haikuchukua muda, hakuna msumari hata mmoja stoo, wenye kulala saa 6 wanajisikia kuja usiku wa manane na wanataka vikao muda huohuo, na mimi nikifika asubuhi nakuta maamuzi yamepita, nimechaguliwa katibu wa kamati sijui ya nini. Nikamwambia kijana kwa adabu kwamba ule utaratibu wa zamani ulikuwa na mazuri yake. Akanyamaza. Akatazama saa yake. Vilevile, jamani! Kwa mkono uleule, kwa kuinua nyusi ileile! Nikatoka mbio. Sasa nani atamweleza? Mimi? Nina familia.

Faraja yangu ndogo ni kwamba na wao wanaoneana. Jeni ikihaririwa kwenye kiinitete inaingia kila seli ya mwili, na kumrudia mtu mzima seli baada ya seli si kazi ya mchana mmoja. Kwa hiyo kila toleo linabaki na lilivyotoka. Jirani yangu mwimbaji, siku hizi haimbi. Pale juu wamehamia vijana wa toleo jipya, wanapita ngazini wawili wawili wakiimba kwa sauti ya kwanza na ya pili. Juzi wakamsimamisha, wakamuuliza, "Kaka, tukubebe?" Alikuja kwangu usiku ule. Tulikaa kimya, tukanywa maji. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Sasa nyumbani kumeingia fomu. Mama watoto anataka mtoto wa pili, na amesema wazi kwamba wa kwanza alimbeba yeye, wa pili nibebe mimi au abebwe na mtungi. Hapo sina hoja. Ubishi umebaki kwenye kuchonga jeni. Mimi nilitaka tuache alivyo, na kumbe kukataa nako kuna fomu yake, tena ndefu kuliko ya kukubali, na lazima uitwe ofisini ujieleze. Mwaka 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kwamba mapacha wamezaliwa kutokana na viinitete alivyovihariri, dunia nzima ikamjia juu, mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 3 jela. Leo ninayeitwa kujieleza ni mimi nisiyetaka.

Tukaenda. Mhudumu, kijana nadhifu asiyenuka chochote, akatufungulia orodha: mifupa, usingizi, mionzi, mafuta ya damu. Akafika kwenye urefu, akasema wanaweza kuahidi. Nikasema hapo nimekushika, kijana. Utafiti wa mwaka 2022 uliochunguza watu zaidi ya milioni 5 ulikuta tofauti zaidi ya 12,000 za kijeni zinazochangia urefu peke yake, wewe utazigusa zote? Akatabasamu, akaufuta urefu kwenye orodha. Nikajisikia mtu mkubwa. Nikaendelea: kama urefu ndiyo hivyo, je, tabia? Nikamtaka aniambie ukweli, mtoto atafanana na nani kwa tabia, maana mimi nataka aonekane kwamba ni wangu.

Kijana akafungua faili langu. Akasoma. Akageuza ukurasa, akasoma tena, nikaona kuna ile ripoti ya lifti imebandikwa humo. Akafunga faili taratibu, akamgeukia mke wangu badala ya mimi, akamwambia, "Kwa upande wa baba, mama, sisi tungeshauri tuanze upya."

Nikamtazama mke wangu, nikitegemea anitetee.

Akauliza kama kuna punguzo.