Vurugu za Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu ya usiku, natafsiri habari zinazoingia kwa Kiingereza. Ikaja moja fupi: watu wamekanyagana kwenye lango la uwanja wa mpira, si mbali na kwetu, wengi wameumia. Aliyeiandika alitumia neno chaos. Nami sikujishughulisha hata kidogo, nikaandika "Vurugu zazuka uwanjani, watu wajeruhiwa", kisha nikaenda kunywa chai.

Kesho yake mama mmoja akapiga simu. Hakugomba. Alisema taratibu, "Mwanangu, umeandika kulikuwa na vurugu. Nani alizifanya? Mdogo wangu kavunjika mkono pale, na tiketi yake anayo mpaka leo. Sasa kazini wanamuuliza alikuwa anapigana na nani."

Nilibaki na simu mkononi. Chaos ni neno la Wagiriki wa kale, na kwao lilikuwa shimo tupu, uwazi uliokuwapo kabla vitu havijapata umbo. Halimtuhumu mtu. Vurugu je? Vurugu zina mwenyewe. Tunasema fulani kafanya vurugu, na ukishasema hivyo umeshamhukumu. Nilikuwa nimechukua neno lisilo na mshtakiwa nikaweka lenye mshtakiwa, na mshtakiwa akawa kijana aliyevunjika mkono.

Tangu siku ile sipiti tu juu ya maneno haya. Kiingereza kinayo mengi ya kueleza fujo au hali ya ovyo, na kila moja lina kwao. Havoc ulikuwa ukelele wa vitani: ukipigwa, askari wameruhusiwa kupora. Kanuni za jeshi za Mfalme Richard II wa Uingereza, katika miaka ya 1380, zilitishia kifo kwa atakayethubutu kuupiga. Mayhem lilikuwa jina la kosa mahakamani, kumlemaza mtu kiungo anachohitaji ili ajitetee. Shambles zilikuwa meza za wauza nyama, baadaye machinjio yenyewe, na mjini York uko mtaa wenye jina hilo hadi leo. Hata mess, ambalo siku hizi mzazi analitamka akiona chumba cha mtoto, lilianza kama sahani ya chakula. Ndiyo ile ile mesi ya maofisa tuliyoipokea jeshini.

Linaloniuma zaidi ni bedlam. Hilo ni jina la Bethlehemu lililofupishwa midomoni mwa watu wa London. Palikuwa na nyumba ya watawa yenye jina hilo, iliyoanzishwa mwaka 1247, ikaja kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na kuna kipindi watu wa mjini walikuwa wakiingia kuwatazama wagonjwa wale kama tamasha. Kelele za watu walioteseka zikageuka neno la kuelezea darasa lisilo na mwalimu. Mimi siwezi tena kulitafsiri neno hilo kwa wepesi.

Riot ni jambo jingine kabisa, maana ni jina la shtaka. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1714, watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, hakimu aliwasomea tangazo na wakawa na saa moja ya kutawanyika. Katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania watu watatu wanatosha kuwa mkusanyiko haramu, na wakianza kutimiza lengo lao kwa kuvunja amani na kutia watu hofu, hapo ndipo inapokuwa riot. Kwetu neno lake ni ghasia, na polisi wa FFU wanaitwa Kikosi cha Kutuliza Ghasia. Anayeandika ghasia ajue anataja kosa ambalo mtu anaweza kufungwa kwalo.

Anayeona nakuza jambo dogo, namwomba akumbuke uwanja wa mpira wa Hillsborough, kule Sheffield, Uingereza. Aprili 15, 1989, Liverpool walikuwa wanacheza nusu fainali na Nottingham Forest. Saa 8 na dakika 52 mchana polisi waliamuru lango moja lifunguliwe, na umati ukaingia kwenye vizimba vilivyokwisha kujaa. Watu walipoanza kupanda uzio ili wapate pumzi, polisi walidhani wanavamia uwanja. Yaani macho yaliona fujo mahali ambapo watu walikuwa wanakufa. Mechi ilisimamishwa saa 9 na dakika 6. Waliofariki, pamoja na aliyekufa mwaka 2021 kwa majeraha ya siku ile, ni 97. Mashabiki wakaambiwa ndio waliovunja lango. Ndugu zao walipigania jina la marehemu wao miaka 27, hadi mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilipoamua kwamba waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuchangia lolote.

Miaka 27, kwa sababu ya neno lililotangulia kufika.

Nasi si kwamba tumepungukiwa. Chumba kikiwa shaghalabaghala, hakuna aliyepigana humo. Abiria wakigombea daladala moja jioni, hiyo ni patashika. Ndugu wasiposalimiana, pana mtafaruku. Ofisi mbili zikitoa maagizo yanayopingana, ni mkanganyiko. Nchi ikiwaka moto, tunasema machafuko. Watu wakisukumwa mpaka wakaanguka na kukanyagwa, neno lipo: mkanyagano. Kila mtoto anayezungumza Kiswahili ameyasikia. Ila yakifika kwenye meza ya habari yote yanatiwa chungu kimoja, yanatoka vurugu.

Najua jibu la wenzangu, maana nami nimelitoa mara nyingi: vurugu ni fupi, inaenea kwenye kichwa cha habari. Ni kweli. Vurugu ina herufi 6, mkanyagano una 10. Tunazungumzia herufi 4.

Siku ile niliomba ruhusa ya kusahihisha. Nikaandika: "Watu wakanyagana langoni, wengi waumia." Nikampigia yule mama kumjulisha. Akanishukuru, kisha akaniuliza kama naweza kumchapia ile ya pili kwenye karatasi, mdogo wake aende nayo kazini.