Umeulizwa Waya, Unajikuta Unataja Idadi ya Watoto

Hapana, leo tusemezane. Mtu umetoka kazini, umesimama kwenye daladala kuanzia Posta mpaka Mbagala kwapa la jirani likiwa usoni, umefika, umeme upo, maji hayapo, unasema ngoja nifungue simu nisome mambo ya magitaa angalau roho itulie. Unakutana na ujumbe: "Mkuu samahani, hivi wewe ni kabila gani?"

Saa nne usiku. Kwenye kundi la wapiga magitaa.

Na hajauliza kwa ubaya, ndiyo shida yenyewe. Angeuliza kwa ubaya angejibiwa kwa ubaya, watu wakalala. Kauliza kwa adabu zote, "samahani" ikiwa mbele na vile vimikono vya kuomba vikiwa nyuma. Ukinyamaza, unaringa. Ukijibu, anakuja na "aah, kumbe watani zetu!" Na ukishaitwa mtani, muziki umeishia hapo, kinachofuata ni kutukanwa kihalali mpaka asubuhi.

Maswali ya watu wa muziki yana mwendo wake. Hayaanzi na kabila. Yanaanza mbali kabisa, kwenye pleki, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi. "Mkuu, pleki gani unatumia?" Swali halali. Unajibu kama mtu mwenye heshima zake: nyembamba, kama milimita 0.6, kwa ridhimu, yaani kusindikiza, maana inapinda ikipita nyuzi zote sita. Nene, karibu milimita 1, kwa solo, yaani kuongoza kwa noti mojamoja, maana haipindi, kwa hiyo haichelewi. Umemaliza. Unajisikia mwalimu. Mwenzio hapo bado anapasha moto tu: "Sawa mkuu. Na hizo unanunua kwa kipato cha muziki au una kazi nyingine?"

Ukitaja Mbaraka Mwinshehe, yule mpiga solo wa zamani, unapigiwa hesabu ya umri. Umesema tu kwamba solo yake isikilizwe kwa makini, jinsi anavyoacha nafasi ili ridhimu ipumue. Mara: "Mbaraka si alifariki 1979 mkuu? Sasa wewe ulimsikia wapi? Una miaka mingapi?" Ndugu yangu, redio ipo. Santuri zipo. Mtu akiisifu bahari si lazima awe papa.

Kuna mwingine aliuliza kwa nini lile gitaa la katikati kwenye bendi za Kikongo, lililo baina ya solo na ridhimu, linalia juu na kung'aa vile. Swali zuri, watu wakakaa sawasawa. Akaelezwa: hiyo inaitwa mi-kompoze. Ondoa uzi wa nne, ule mnene wa noti ya D. Weka mahali pake uzi mwembamba kama wa kwanza, ukaze mpaka D ya juu, oktavu nzima zaidi ya ile ya kawaida, yaani mitetemo mara mbili. Programu ya kutyuni kwenye simu isome hezi 293.7, hezi ni mitetemo kwa sekunde. Nyuzi tano zilizobaki usiziguse, na kodi, zile noti zinazopigwa pamoja, unabonyeza zilezile ulizozizoea. Ila angalia kile kipande cha mfupa pale kichwani: mfereji wa uzi wa nne ulichongwa kwa uzi mnene, huo mwembamba utachezacheza ndani yake na kutoa mkwaruzo. Kata kijikaratasi kigumu, kitie chini yake, utulie.

Maelezo yote hayo, bure, bila hata ya soda. Jibu: "Asante sana. Kumbe mkuu wewe ni Mkongomani? Karatasi zako ziko sawa?"

Lakini hao wote ni wanafunzi. Profesa ni yule wa waya.

Aliingia jioni moja na ujumbe mfupi: "Wakuu, waya wangu wa kwanza unakatika kila nikiweka. Msaada." Wakuu wakasaidia kama kawaida yao. Wa kwanza: "Pole sana." Wa pili: "Pole." Wa tatu akatuma picha ya maua yenye maneno ya usiku mwema. Wa nne, kwa namba za unene wa uzi: "Nunua namba 12, hizo namba 10 ni za watoto." Wa tano akasema ashirikishe mchungaji.

Ndipo inapobidi mtu mmoja mwenye akili timamu ajitolee. Na hapo ndipo balaa linapoanza, maana uzi unaokatika una maswali mawili tu: unakatikia wapi, na ukiwa umekazwa kiasi gani.

"Unakatikia wapi?"

"Nyumbani. Ila Jumapili ulinikatikia kanisani."

"Nauliza kwenye gitaa. Sehemu gani ya gitaa?"

"Hapohapo kwenye waya."

Vuta pumzi. Mweleze tena, taratibu. Ukikatikia kule chini kwenye daraja, pale uzi unapokalia pana kona kali. Kunja msasa laini namba 600, sugua kidogo tu mpaka kona ife. Ukikatikia kwenye mfupa wa kichwani, mfereji umebana uzi. Vua uzi, chora humo ndani kwa penseli ya kawaida, ule unga mweusi wa risasi ya penseli unafanya uzi uteleze. Ukikatikia kwenye kikaza, tundu lina makali, au umepinda uzi kwa koleo kabla ya kuuingiza. Ukikatikia katikati, juu ya freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, basi freti imechimbika au uzi una kutu. Sehemu nne. Chagua moja.

Kimya. Halafu "anaandika…" Halafu kimya. Halafu "anaandika…" tena, ndefu, ya mtu anayetunga katiba. Likaja hili:

"Kwani mkuu wewe uko wapi?"

"Dar."

"Dar sehemu gani?"

"Mbagala."

"Rangi Tatu au Zakhem?"

Sasa Rangi Tatu inahusikaje na uzi wa kwanza? Lakini mtu mzima huwezi kugoma kutaja mtaa, utaonekana unadaiwa. Unataja. "Aa! Shemeji yangu yuko hukohuko, anauza chipsi, unamfahamu?" Humfahamu. "Ni mrefu." Bado humfahamu. "Umepanga au ni kwako?" Umepanga. "Pole. Familia ipo?" Ipo. "Watoto?" Wawili. "Hongera, mpe salamu mama watoto. Mnalipa bei gani huko, maana na mimi nataka kuhamia."

Watu mia mbili na kitu wanasoma. Hakuna hata mmoja aliyesema "jamani, waya." Zaidi ya yote, wanne wameweka kidole gumba kwenye bei ya chumba.

Hapo heshima inaanza kupungua. Unaandika kwa herufi kubwa: UNATYUNI NA NINI?

"Na simu mkuu. Nimeweka programu."

"Na huo uzi wa kwanza unaukaza mpaka isome ngapi?"

"440, kama mlivyofundisha."

Mnaona? Kukatika kote kule, nyuzi zote zile, mchungaji kashirikishwa, kumbe jamaa anakaza uzi wa kwanza mpaka hezi 440! Kwa sababu siku fulani mmoja wetu, msomi, aliandika "magitaa yanatyuniwa kwa 440" akaenda zake kulala.

Basi isikike kwa mara nyingine. 440 ni namba ya rejea. Ni ile A ambayo programu inaitumia kupimia noti nyingine zote. Inakaa pale juu ya kioo, iache ilivyo. Uzi wa kwanza ukiwa wazi ni E, hezi 329.6. Wa pili B, 246.9. Wa tatu G, 196. Wa nne D, 146.8. Wa tano A, 110. Wa sita E, 82.4. Ukitaka kuiona hiyo 440 kwa macho yako, tyuni uzi wa kwanza vizuri, halafu bonyeza freti ya 5 upige. Hiyo hapo. Imebonyezwa, haijakazwa!

Na mvuto wa uzi haupandi polepole jinsi sauti inavyopanda, unapanda kwa kipeo cha pili. Kutoka 330 kwenda 440 sauti imeongezeka kwa theluthi moja, lakini mvuto umekuwa karibu mara 1.8. Uzi namba 10 uliokuwa unavutwa kwa kama kilo 7 sasa unavutwa kwa kilo 13, na hapo chuma chenyewe kimefika ukingoni. Utakatika nyumbani, utakatika kanisani, utakatika kwa shemeji.

Na yule wa "nunua namba 12" asogee hapa mbele. Uzi mnene una nguvu zaidi, kweli, lakini kuufikisha kwenye noti ileile unadai mvuto mkubwa zaidi kwa kiwango kilekile. Kwa chuma cha aina moja na gitaa la urefu mmoja, mnene na mwembamba vinakatika karibu noti ileile. Tofauti ni kwamba huo mnene ukikukatikia usoni utaukumbuka. Fedha imetoka, tatizo limebaki.

Yote haya yaliandikwa, kwa vidole, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Profesa akasoma. Alama mbili za bluu. Tukangoja.

"Nimeelewa sana mwalimu, Mungu akubariki. Sasa hao watoto wawili ni wa mama mmoja?"

Mimi nasema hivi: kama mtu ana hamu ya kujua habari za watu, basi aulize habari za gitaa kwa hamu ileile! Gitaa nalo lina mambo yake ya ndani. Liulize limeinuliwa nyuzi kiasi gani. Weka rula freti ya 12, kuanzia juu ya freti mpaka chini ya uzi. La umeme likiwa na milimita 1.5 mpaka 2, liko sawa. Kavu, lile galatoni, linavumilia 2 na nusu. Likiwa na 4, vidole vyako havina kosa, acha kujilaumu. Liulize linalala wapi. Ukikaa karibu na bahari, chumvi na jasho vinakula nyuzi, na kinga yake ni kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga, juu na chini ya kila uzi. Hakuna aliyewahi kuuliza hilo. Ila kodi ya pango ya mtu wanayo mpaka na miezi ya kulipia.

Wengine sina hata nguvu nao. Yupo anayetuma sauti ya dakika saba, sita ni feni. Yupo anayeandika "Mambo" halafu anapotea siku tatu. Yupo anayeguna wimbo na kuomba kodi zake zote kabla ya ibada, na ibada imeshaanza. Yupo wa "harusi moja mnalipwa ngapi", na huyo tunamjua, ni mwenye harusi. Yupo aliyetuma picha ya gitaa la nailoni kalifunga nyuzi za chuma, daraja limeng'oka, anauliza kama ni uchawi. Seti ya nailoni inavuta kwa kama kilo 40 kwa jumla, ya chuma inafika 70 na kitu. Gundi ndiyo iliyoamua, hakuna mchawi.

Halafu kuna hili la muungurumo wa ampu, kile kikuza sauti cha gitaa, nalo lisemwe kabla sijasahau. "Wakuu ampu yangu inanguruma, nikishika nyuzi inapungua, nikiachia inarudi." Ukiona hivyo, huenda waya wa ardhi haufanyi kazi mahali fulani. Usihangaike kufungua gitaa, ule waya mwembamba unaokwenda kwenye daraja ungekuwa umeachia lehemu, kushika nyuzi kusingepunguza ngurumo. Huo upo. Basi nenda ukutani. Plagi ya ampu ilikuja na meno matatu, fundi wako kaikata akafunga ya meno mawili kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Na meno mawili hayaingii kwenye soketi zetu mpaka usukume kijiti kwenye tundu la juu, na wote tunacho hicho kijiti, usijifanye. Sasa lile tundu la juu ndilo la ardhi. Umekaa umetia kijiti cha kibiriti kwenye tundu la ardhi, volti 230 ziko pembeni yake, unauliza kwa nini inanguruma. Shukuru inanguruma tu. Siku ukishika nyuzi mdomo ukagusa maikrofoni, utaimba noti ambayo hukuipangia.

Rudisha plagi ya meno matatu. Halafu mwambie mwenye nyumba akuonyeshe kama waya wa ardhi upo kweli kutoka kwenye soketi mpaka kwenye ile nondo iliyozikwa nje, maana nyumba nyingi za kupanga nondo ipo na waya ulikopeshwa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Yeye atakwambia hiyo ngurumo ni gitaa lako ndilo linalokula luku. Na wapangaji wenzio watadakia hapohapo, kumbe walikuwa wanangoja kwa hamu, kwamba kuanzia mwezi huu mwenye gitaa achangie umeme mara mbili, wakati ampu ni wati 15 na yule wa chumba cha mbele ana pasi, ana friji, ana hita ya maji, na tangu ahamie hajawahi kununua hata yuniti moja, kila ukimgongea anasema simu haina salio.