Nunueni 24 za aina moja, si 40 za mchanganyiko

Mkiwa na fedha za kompyuta mpakato 40 kwa ajili ya shule ya msingi hapa Tanga, nunueni 24, zote za aina moja. Fedha inayobaki iende kwenye spea, umeme, kabati la chuma na ujira wa fundi. Wafadhili wengi hawaipendi hesabu hii, kwa sababu picha ya watoto 40 na mashine 40 inapendeza kuliko picha ya fundi akibandua kibodi. Lakini mfadhili anaondoka siku ileile, mashine zinabaki na mwalimu.

Wakubwa walishajaribu kwa njia nyingine. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, alitangaza mradi wa One Laptop per Child (kompyuta moja kwa kila mtoto), akilenga kompyuta ya mtoto ya dola 100. Kompyuta hiyo, XO-1, ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 gharama yake ilikuwa karibu dola 188. Kwa ufundi ilikuwa mashine ya kusifiwa: kioo kinasomeka juani, kibodi ni ya mpira usiopitisha vumbi. Peru ilichukua mamia ya maelfu. Mwaka 2012 ukatoka utafiti wa Benki ya Maendeleo ya Mataifa ya Amerika uliofanywa katika shule 319 za huko, na haukuona watoto wakipanda katika hesabu wala lugha. Shule nyingi hazikuwa na intaneti, na walimu walikuwa wameachiwa mashine bila kuoneshwa ziingie wapi kwenye somo. Kosa hilo linarudiwa mpaka leo, ila kwa maboksi machache zaidi.

Turudi kwenye ununuzi. Mashine mpya za bei ya chini kabisa ziacheni dukani. RAM yake (kumbukumbu ya kazi) kwa kawaida imegandishwa kwenye bodi, maungio ya kioo ni plastiki tupu, na kibodi ikifa inabidi ubadilishe ganda zima la juu. Mtumba wa maofisini, kama Lenovo ThinkPad T450 au Dell Latitude E5450, ulitengenezwa ufunguliwe kwa bisibisi. Betri inatoka, RAM inaongezwa, kibodi inabadilishwa kwa nusu saa. Kiwango cha chini kiwe RAM ya GB 8 na diski ya SSD (isiyozunguka) ya GB 128. Anayewauzia yenye diski ya zamani ya kuzunguka, mwambieni apunguze bei mnunue SSD wenyewe. Hakuna badiliko jingine linaloipa mashine kuukuu kasi kama hilo.

Kwa nini aina moja? Kwa sababu mashine 24 zinazofanana ni akiba ya zenyewe kwa zenyewe. Moja ikifa bodi, kioo chake kinakwenda kwa iliyopasuka, kibodi kwa iliyomwagikiwa chai. Chaja zinaazimana. Zikiwa za makampuni mbalimbali, chaja ya Lenovo yenye kichwa bapa haiingii kwenye tundu la duara la Dell, na Dell nayo ina tabia yake: ikiwekewa chaja ya bandia isiyo na chipu ya utambulisho, mashine inawaka lakini betri inakataa kujaa. Mwalimu ataamini betri ni mbovu, atatumwa mtu sokoni kununua nyingine, na hiyo nayo haitajaa.

Kabla ya kulipa, kila mashine iwashwe. Si kumi kati ya 24, zote. Ingieni kwenye BIOS, mipangilio ya bodi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka: ikidai nenosiri la msimamizi, irudisheni, maana kwenye ThinkPad nenosiri hilo haliondoki kwa kuchomoa betri ya bodi. Angalieni pia kama bado imefungwa kwenye mfumo wa udhibiti wa kampuni ilikotoka, kwa sababu inaweza kufungiwa kutoka mbali. Chromebook, mashine za mfumo wa Google, zilizokuwa za shule za Marekani zina ugonjwa huohuo: shule isipoziondoa kwenye usajili wake, zitaendelea kudai akaunti ya mwanafunzi wa kule. Kisha betri. Kwenye Windows amri ya powercfg /batteryreport inaonesha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Uliobaki ukiwa chini ya asilimia 60, bei ishuke au betri ibadilishwe. Betri iliyovimba na kuinua kibodi isikubaliwe kwa bei yoyote.

Kuna na kidubwasha ambacho wengi hawakijui: betri ndogo ya bodi, CR2032. Ikiisha, saa ya kompyuta inaweza kurudi miaka nyuma kila betri kubwa inapokwisha au kutolewa, na tovuti zote salama zinakataa kufunguka kwa sababu tarehe hailingani na vyeti vyake. Shule inaandika “intaneti mbovu” kumbe tatizo ni kibetri cha bei ya soda mbili tatu.

Mkipewa msaada kutoka nje, ulizeni maswali kabla ya shukrani. Mashine isiyowaka ni taka, hata ikifungwa kwa utepe. Tangu 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, wa kimataifa kuhusu taka hatari, unataka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, zivuke mpaka kwa ridhaa ya nchi inayopokea. Betri za akiba za lithiamu zinazosafirishwa peke yake, zenye namba ya mizigo hatari UN3480, haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria, kwa hiyo spea hiyo inunuliwe hapa au ije kwa meli. Mashine za Uingereza zinakuja na plagi ya pini tatu kama zetu. Za Ujerumani zinakuja na pini mbili za duara, lakini chaja msiitupe, badilisheni ule waya mfupi tu unaochomekwa. Kibodi yake ndiyo kazi, maana Z na Y zimebadilishana nafasi. Mtoto anayejifunza kuchapa asipewe Z mahali pawili tofauti ndani ya wiki moja. Masuala ya kodi na kibali muulizeni wakala wa forodha kabla mzigo haujapakiwa, si ukiwa umekwishafika bandarini na siku za hifadhi zinahesabiwa.

Upande wa programu uamuzi ni mwepesi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huu hazimo kwenye orodha ya zinazokubalika kwa Windows 11. Wekeni Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure na mwepesi unaochukua nafasi ya Windows. Tayarisheni mashine moja vizuri, kwa LibreOffice ya kuandikia, GCompris ya michezo ya kujifunza kwa wadogo na Scratch ya kujifunza kutunga programu kwa wakubwa, halafu nakilini diski yake kwa programu ya Clonezilla kwenda kwenye nyingine 23. Hapo tena faida ya aina moja inaonekana. Masomo yakae kwenye seva ndogo ndani ya chumba: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix, programu ya kuisoma bila intaneti. Iunganishwe na ruta ya kawaida. Wi-Fi ya ndani ya Pi italemewa na mashine 24. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ila ombeni ruhusa kabla ya kuvinakili.

Umeme unahitaji penseli. Chaja 24 za wati 65 ni wati 1,560 zikivuta zote pamoja, kama ampea 7 kwa volti 230. Soketi ya ampea 13 inabeba. Kisichobeba ni ekstensheni ya waya mwembamba iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyingine, hiyo inayeyuka. Chajini kwa makundi mawili ya 12, kila kundi na waya wake kutoka ukutani, na kinga ya umeme unaopanda na kushuka. Betri 24 za Wh 48 zikijazwa kutoka sifuri zinakula kama yuniti moja na nusu za LUKU, pamoja na upotevu. Andikeni kwenye makubaliano nani ananunua hizo yuniti.

Na hapa kwetu kuna chumvi. Shule zilizo karibu na bahari, Raskazone au kule Pangani, hewa yake inaotesha ukungu wa kijani kwenye pini za shaba. Kabati lisiegemee ukuta wa nje. Kila likizo ndefu betri ziachwe nusu, si zimejaa wala tupu, na kila baada ya miezi sita feni zipulizwe na pini zisafishwe kwa spiriti ya aisopropili ya asilimia 90 au zaidi.

Sasa fedha. Tuseme mashine iliyokwisha kukaguliwa ni shilingi 400,000. Arobaini ni 16,000,000. Ishirini na nne ni 9,600,000. Zinabaki 6,400,000. Spea (chaja 4, betri 6, kibodi 3, SSD 3) 1,400,000. Kabati, grili na nyaya 1,800,000. Seva na ruta 500,000. Mafunzo ya walimu 700,000. Fundi anayekuja mara moja kwa mwezi kwa miaka miwili, 80,000 kila safari, ni 1,920,000. Chenji ni 80,000. Bei zitabadilika, lakini anayeanza kupunguza asianze na fundi. Kijana aliyesoma VETA na fundi simu mzuri wa Ngamiani wote wanaiweza kazi hii, mradi walipwe kwa safari, si kwa kila kilichoharibika, la sivyo vitaharibika vingi.

Kwa darasa la watoto 48, mashine 24 ni wawili kwa moja: mmoja anachapa, mwenzake anasoma, dakika kumi wanabadilishana. Darasa likizidi hapo ligawanywe.

Kikundi chenu kinachotoa mashine kijisajili kwa Msajili wa mashirika hayo chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, kisha kiingie makubaliano ya maandishi na halmashauri kupitia ofisi ya elimu, si na mwalimu mkuu peke yake. Walimu huhamishwa, kwa hiyo wafundishwe wawili au watatu, na nenosiri la msimamizi liwe kwenye bahasha iliyofungwa ofisini. Kila mashine ichongwe namba na kuingizwa kwenye daftari la mali la shule. Kifungu kimoja kiseme wazi kwamba mashine iliyokufa ni ya kutolewa spea kwa saini ya fundi na kamati ya shule. Bila hicho, itakaa stoo na kioo chake kizima kwa sababu mkaguzi ataiulizia. Ikishamalizika kabisa, betri itolewe, ifunikwe pini kwa utepe, na mabaki yapelekwe kwa mkusanyaji mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira.