Dubu hana futari

Baada ya Idi, barazani kwetu Mkunazini, Zanzibar, mazungumzo yaliuacha mpira yakaingia tumboni. Mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi alidai kwamba dubu hulala miezi kama mitano bila kula, kanona vibaya sana, na bado hapati kisukari wala mwili wake hauwaki mchochota. Siri, akasema, ni bakteria wa utumbo, na sisi tunaofunga mwezi mzima tunawalea wa kwetu kwa njia hiyo hiyo. Seremala aliyekaa pembeni akamjibu: "Mwalimu, dubu hana futari." Tulicheka, lakini suali lenyewe si la kuchekwa.

Mchochota ni kinga ya mwili inapowasha moto: jeraha hupata joto, likawa jekundu na kuvimba. Moto huo una kazi yake. Ukikaa utumboni bila ya adui, ndio unaoumiza.

Mwalimu ana hoja. Mnyama aliyechunguzwa sana ni kindi wa ardhini wa Marekani mwenye mistari 13. Anapolala msimu wa baridi hakuna chakula kinachoshuka, basi bakteria wanaotegemea mimea hupungua, na wanaoweza kula ute unaoufunika ukuta wa utumbo, kama Akkermansia, huongezeka. Kwa kawaida ungetarajia balaa, maana ute ndio ngao: ukiliwa, bakteria wanausogelea mwili. Lakini utumbo wa kindi hauungui. Chembe za ulinzi huongezeka pale, na pamoja nazo kemikali ya kutuliza iitwayo IL-10. Kwa upande wa dubu, mwaka 2016 watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walichukua bakteria wa dubu wa kiangazi na wa wakati wa kulala, wakawapandikiza panya wasiokuwa na bakteria kabisa. Waliopewa wa kiangazi walinenepa zaidi, na sukari yao haikuharibika. Kwa hiyo bakteria si abiria tu.

Anayebisha atasema kinachozuia mchochota ni baridi, si bakteria. Mwili wa kindi hushuka hadi nyuzi chache juu ya sifuri, na chembe nyeupe kwenye damu hupungua kwa karibu asilimia 90, kisha hurudi ndani ya saa chache anapopata joto. Hilo ni jambo la mwili wenyewe. Tena Akkermansia huongezeka hata kwa hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, aliyenyimwa chakula akiwa macho. Bakteria hao wanafuata njaa, hawauongozi usingizi. Hoja hii naiona nzito, ila baridi peke yake haitoshi. Dubu hubaki na nyuzi 32 au 33. Na jirani yetu Madagaska kuna lemuri mdogo mwenye mkia wa mafuta, jamaa wa mbali wa komba wetu (huyu anayesingiziwa ulevi wa tembo la mnazi), ambaye hulala hadi miezi 7 ndani ya shimo la mti, na joto lake hupanda na kushuka pamoja na la shimo, mchana likapita nyuzi 30.

Jaribio linaloniridhisha zaidi halihusu mchochota. Mwaka 2022 watafiti wa Wisconsin walimtia kindi urea (taka ya mwili itokayo na mkojo) yenye alama, wakaifuatilia. Bakteria huivunja, na naitrojeni yake hurudi kwenye protini, hata ya misuli. Ndiyo sababu mojawapo kindi hazuki dhaifu. Walipowaua bakteria kwa antibayotiki, urejeshaji huo ulianguka. Hivyo ndivyo inavyothibitishwa kazi: mwondoe mfanyakazi, utazame kinachokwama. Ushahidi wa mchochota bado kwa sehemu kubwa ni wa vitu viwili kuonekana pamoja, na Mwalimu ameuvika joho la ushahidi wa misuli.

Kwenye Ramadhani ndipo namuunga mkono seremala. Hapa kwetu, karibu na ikweta, saumu ni saa 13 na kitu mwaka wowote. Akkermansia hajamaliza hata kukunjua mkeka, adhana ya magharibi inalia: tende, uji, muhogo wa nazi, sambusa, halafu daku. Kindi hashibi kabla ya machipuko. Hiki ni kima kingine kabisa cha njaa, na wanaouza vichupa vya "bakteria wazuri" kwa picha ya dubu aliyelala wanajua kwamba mnunuzi hatauliza dubu huyo alikula saa ngapi.