Tabo Ikawa Taabu

Lori langu lilianza kukata pumzi. Zamani likiona mlima lilikuwa linapanda kama limeitwa huko juu. Sasa likawa linapanda kizee: hatua moja, kikohozi, kisha moshi mweusi unaofanya walio nyuma wapandishe vioo huku midomo yao ikisema mambo ambayo nilishukuru siyasikii. Na kila nikikanyaga mafuta, chini ya boneti kunatoka sauti, "fssss", kama nyoka aliyeamshwa kabla ya wakati.

Nikafungua boneti, nikamulika na tochi. Kwenye injini ya dizeli yenye tabo, yaani feni inayosukumia injini hewa kwa nguvu, kuna hozi fupi za mpira zinazounganisha mabomba ya hewa: kutoka kwenye tabo kwenda kwenye intakula, kile kipoza hewa, na kutoka intakula kwenda kwenye injini. Zangu ziko nne. Tatu zilikuwa zimevimba na kulegea kama sikio la tembo. Ya nne, ile iliyo karibu kabisa na tabo, nilipoibonyeza kwa kidole gumba, ukucha wote ulizama kwenye ufa. Nikautoa umepakwa oili nyeusi. Mgonjwa amepatikana.

Kwa fundi nilisikia aibu kwenda. Kubadilisha vipande vinne vya mpira na klipu nane, mtu mzima uite fundi? Nikamwita shemeji, mdogo wake mke wangu, ambaye hajawahi kufungua hata tairi la baiskeli lakini ana ushauri wa kila kitu.

Kufungua kulitutoa jasho. Klipu saba zilitoka kwa adabu, kwa soketi ya 11. Ya nane ilikuwa imejificha nyuma ya bomba, mahali ambapo ukiweka mkono huoni, na ukitaka kuona mkono haufiki. Nilijikunja juu ya ile injini mpaka sikio langu likawa limelala kwenye rejeta. Soketi ilidondoka mara tano. Mara ya tano hatukuisikia ikifika chini, na mpaka leo haijafika.

Sasa kuingiza mpya. Hozi mpya ya silikoni haina huruma. Imebana, ngumu, inaingia upande mmoja huku inatoka upande wa pili. Nilisukuma, nikazungusha, nikaomba. Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo, ananitazama.

"Shemeji," akasema, "kwa nini usipake grisi?"

Niseme ukweli, niliona ni wazo la mtu aliyesoma. Nilijijengea na hoja kabisa: haya mabomba ndani tayari yana utando wa oili, maana mvuke wa oili wa injini hupitishwa kwenye njia ya hewa. Sasa grisi kidogo itaongeza dhambi gani? Nikapaka. Sikupaka kidogo. Hozi ikaingia "swaaa", kwa utamu wa ajabu. Zote nne kwa dakika kumi. Nikakaza klipu, nikampa shemeji mkono, tukapongezana kama tumemaliza daraja.

Tukatoka kulijaribu. Kwenye tambarare lori lilikuwa limezaliwa upya. Kimya, hakuna nyoka, nguvu tele. Shemeji akaanza kuimba. Mbele yetu kuna mlima mmoja mrefu, nikasema huu ndio mtihani, nikapangua gia, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

PAAAH!

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Nilipogeuka, kiti cha shemeji kilikuwa kitupu. Alikuwa chini ya dashibodi, amejikunja, amefunika kichwa kwa buku la gari. "Wanatupiga risasi!" akanong'ona.

Nikaegesha pembeni, nikashuka kukagua matairi. Yote mazima. Nikayazunguka mara ya pili, nikayapiga teke moja moja, maana mtu akishachanganyikiwa hupiga tairi teke. Mpita njia mmoja akasimama, akatutazama, akaniuliza kwa upole, "Mzee, hicho kinachoning'inia chini ni chako?"

Kilikuwa hozi, ile ya karibu na tabo. Imechomoka yote na klipu yake, inang'aa kwa grisi, haina hata mkwaruzo.

Tulirudi nyumbani kwa mwendo wa maiti. Bila hewa ya tabo injini inawaka lakini haina kifua, na moshi ulikuwa mweusi kiasi kwamba niliwasha taa mchana. Mwendesha baiskeli mwenye mzigo wa kuni alitupita kwenye mwinuko. Hakutucheka. Alituonea huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Basi aibu ikaisha, nikampigia fundi. Hakuuliza maswali mengi.

"Ulipaka nini?"

"Grisi kidogo, fundi."

Akanyamaza. Nikasikia anawaambia wenzake, wakacheka wote karakana nzima. Halafu akanipigia hesabu. Tabo yako ikisukuma hewa kwa shinikizo la bar 2, kila sentimita ya mraba inabeba takriban kilo 2. Bomba la kipenyo cha sentimita 7.5 lina sentimita za mraba kama 44. Kwa hiyo hozi inavutwa kwa karibu kilo 90, na wewe umeipaka mafuta iteleze vizuri. Kilo 90 ndiyo uzito wa shemeji. Nikapata picha yake akining'inia kwenye ile hozi, anaimba.

Dawa yake? Futa kila kitu kwa spreya ya kusafishia breki, mabomba na ndani ya hozi, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kisha, akasema, tafuta spreya ya nywele. Nikadhani bado ananicheka. Kumbe mafundi wengi hutumia: ikiwa mbichi inateleza hozi inaingia, ikikauka inakuwa kama gundi. Ila injini iwe imepoa, maana ile kitu inashika moto.

Nikachukua kopo la mke wangu bila kuuliza. Kazi ikaenda. Nikanukia kama bi harusi siku tatu, lakini ule mlima lori liliupanda likipiga mluzi. Kopo nikalisahau chini ya kiti.

Wiki iliyofuata mke wangu akaingiza mkono chini ya kiti kutafuta mwavuli, akatoka na kopo la spreya ya nywele. Lake alishanunua lingine, akijua la zamani limepotea. Akaligeuza, akalinusa, akanitazama.

"Baba, huyu mwenye nywele ni nani?"

Nikaanza kueleza habari za tabo, bar 2 na sentimita za mraba. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kufanana na mwongo. Nikamgeukia shahidi wangu wa pekee, aliyekuwa kiti cha nyuma.

"Shemeji, hebu mweleze dada yako."

Shemeji akatazama nje dirishani muda mrefu.

"Dada," akasema, "mimi nilihusika na grisi tu."