Mshale wa dola 100

Jumanne iliyopita nilikaa saa tatu nzima kwenye kiti cha plastiki, katika ofisi ya ushirika wetu wa kahawa hapa Bukavu, nikiwasikiliza watu wazima wakigombana juu ya namba. eTrex 22x au eTrex 32x? Tulikuwa na pesa za kununua GPS kumi za mkononi, mashine za kupima mahali, kwa vijana wanaozunguka kwa wakulima wa Katana na Kalehe, na tofauti ya bei ilikuwa karibu dola 100 kwa kila moja. Kumi, basi, dola 1,000. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba ilibidi tupaze sauti. Ilipokatika, hakuna aliyeishusha.

Aliyewasha moto ule ni muuzaji mmoja wa mjini aliyetuletea mfano wa kila moja. Aliinua 32x kama padri anayeinua kikombe. “Muzee, hii njo ya muzuri. Inashikaka satelite mbiyo kupita ile.” Halmashauri nzima ikatikisa kichwa.

Uongo mtupu. Mashine hizi ni pacha, zilitoka pamoja mwaka 2019. Kioo ni kilekile cha inchi 2.2, kumbukumbu ni ileile ya GB 8, betri ni mbili za AA, na saa 25 kwenye karatasi (karatasi hiyo haijawahi kununua betri za Kavumu zilizokaa dirishani juani miezi sita). Zote zinasikiliza satelaiti za Marekani na zile za GLONASS za Warusi. Zisimamishe kando kwa kando chini ya mgomba, zitakosea mita zilezile. Dola 100 zile zinanunua hasa vitu viwili: dira ya umeme na kipimo cha mgandamizo wa hewa cha kukadiria mwinuko.

Dira ni hivi. Ukiwa na 22x ukasimama, mshale wake haujui umegeukia wapi. Piga hatua chache, unaamka. Ukiwa na 32x unajua hata ukisimama. Mimi nimetembea vilima vya Kabare miaka kumi na miwili na sijakutana bado na mkulima ambaye shamba lake nilishindwa kulipata kwa sababu nilikataa kupiga hatua tano. Isitoshe, dira hiyo inahitaji kurekebishwa, na kitabu cha mashine chenyewe kinasema urudie kila ukibadilisha betri. Yaani kijana wetu, kila akiweka betri mpya, asimame mlimani aanze kuizungusha ile mashine huku na huku, watoto wa shule wakimtazama.

Kipimo cha mwinuko, haya, nitakubali kidogo. Wanunuzi wa kahawa wanauliza shamba liko mita ngapi, na GPS ya kawaida hukosea mwinuko zaidi kuliko inavyokosea mahali. Ukianzia Ziwa Kivu asubuhi ukaiambia mashine kwamba hapa ni mita 1,460, halafu ukapanda, itakupa namba nzuri. Kwa anayepanda mlima Kahuzi wenyewe, mita 3,308, na ukungu ukishuka, ningemwambia anunue bila kuuliza. Lakini sisi tunapima kahawa, na kahawa haihami. Mwinuko wa kilima cha mzee fulani unaweza kuupima mara moja, kwa mashine moja ya kuazima, ukamaliza.

Kilichonikera si bei. Kilichonikera ni kwamba katika saa zile tatu hakuna aliyeuliza namba zinatokaje kwenye mashine mpaka kwenye kompyuta.

Zinatoka kwa daftari. Kijana anasimama shambani, anasoma kioo, anaandika kwa Bic kwenye daftari lililolowa, anarudi mjini kwa piki, anamkabidhi karani, karani anachapa. Misimu miwili iliyopita tulikuwa na timu mbili zenye mashine za aina moja kabisa, za rangi moja. Moja ilikuwa inaonyesha mahali kwa nyuzi na dakika (dakika 60 ndiyo nyuzi moja), kama inavyotoka kwenye boksi. Nyingine mtu alikuwa ameibadilisha kuwa nyuzi za desimali. Karani hakuambiwa. Shamba la Katana lililokuwa kwenye nyuzi 2, dakika 15.750 kusini, na nyuzi 28, dakika 48.300 mashariki, yeye akalichapa kama 2.15750 na 28.48300. Kwa macho ni namba zilezile. Ardhini ni karibu kilomita 38 mbali na mwenye shamba. Likaangukia wapi? Magharibi, nyuma ya mlima Kahuzi, katikati ya msitu. Likafuatwa na mengine yote ya timu ile. Kwa wiki mbili, kwenye ramani yetu, kahawa bora ya Katana ilikuwa inalimwa na sokwe.

Tulicheka, ndiyo. Kisha nikakumbuka ramani ile inakwenda kwa nani, kicheko kikakauka. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inataka kila gunia la kahawa lijulikane limetoka shamba gani, na shamba hilo lisiwe limekatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi akifungua picha ya satelaiti akaona nukta yetu imekaa msituni, hatapiga simu kuuliza kama karani alichanganya dakika na desimali. Atanunua kwingine. Na yule mama wa Katana mwenye miti yake 300, ambayo baba mkwe wake aliipanda kabla mimi sijazaliwa, ataambiwa kahawa yake imekataliwa kwa sababu ya ukataji wa miti. Nani atamweleza? Yule muuzaji wa satelite mbiyo?

Tena sheria ileile inataka namba za mahali ziwe na tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Sita! Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11. Mashine yenyewe, siku njema, chini ya anga wazi, hukosea mita tatu mpaka tano, na kioo chake huonyesha tarakimu tano tu. Mnajua vijana walifanya nini? Waliongeza sifuri mwishoni. Nilipomuuliza mmoja wao akanijibu kwa heshima kabisa, “Papa, waliomba sita.” Nikakosa la kumjibu.

Sasa dawa yake ni waya. Waya mfupi wa USB, ule wa kichwa kidogo cha zamani ambao vijana wa simu hawautumii tena, lakini ukitafuta mjini haukosi, na bei yake haifiki hata hela ya chakula cha mchana cha halmashauri. Ukiuchomeka, faili la GPX, lile linalobeba namba za mahali, linatoka lenyewe, na ndani yake namba zote ziko kwenye nyuzi za desimali, hata kama kioo kilikuwa kinaonyesha dakika, hata kama kijana amelala. Hakuna daftari, hakuna Bic, hakuna karani wa kubahatisha. Na tarakimu zimo zaidi ya tano bila kumpandikizia mtu sifuri. Niliposema hivyo kwenye mkutano, mheshimiwa mmoja akaniambia, “Injinia, hilo ni jambo dogo, tutaliona baadaye.” Jambo dogo! Mshale wa dola 100 ni jambo kubwa, saa tatu. Waya ni baadaye.

Kungekuwa na dola 1,000 za kuchezea, mimi ningeziweka kwenye siku za kazi. Kijana anayelipwa kwa idadi ya mashamba hufika, hubonyeza, huondoka. Mashine haijatulia bado. Mlipe siku yake, aweke GPS juu ya jiwe katikati ya shamba, atumie kile kipengele cha kuchukua wastani wa vipimo vingi, asubiri dakika kadhaa wakati mama mwenye shamba anamletea ndizi. Hapo ndipo usahihi unapatikana, na zote mbili, ya bei ndogo na ya bei kubwa, zinacho kipengele hicho.

Kuna waliopendekeza tuache hizi tuchukue zile kubwa za GPSMAP zenye antena nene juu. Antena ile ni nzuri, sibishi. Chini ya miti mikubwa inashinda hizi ndogo. Lakini anayependekeza hivyo hajapita na kitu cha antena kwenye bariyeri za barabarani. Ile kitu inafanana na motorola, redio ya mkononi ya askari, kama mtoto na baba yake. Mimi nilishawahi kukalishwa kwenye benchi la mbao kutoka saa nne mpaka saa tisa, nikieleza kahawa ni nini kwa mtu aliyekuwa anainywa. Ile ndogo wanaigeuza mara mbili, wanauliza kama ina muziki, wanairudisha.

Na simu? Najua mtaniandikia kuhusu simu. Ndiyo, simu nyingi za sasa zinapima mahali vizuri kama mashine hizi, nyingine zaidi. Mpe kijana simu nzuri, mvua ya Novemba, vidole vyenye matope na siku tatu bila umeme, halafu mniandikie tena.

Mwisho wa hadithi mnaujua. Halmashauri imenunua 32x kumi. Zimefika Ijumaa, boksi juu ya boksi, na waya wake humo ndani, kila moja na wake, umefungwa kwenye plastiki. Mheshimiwa alikuwa ameshaanza kuzikusanya akaziweke kabatini zisipotee. Nikamnyang'anya. Kisha nikakaa ngazini nikizifungua moja baada ya nyingine, zote kumi zikionyesha nyuzi na dakika, nikizibadilisha kwa kidole, nikibandika nyuma ya kila moja kipande cha plasta kilichoandikwa DESIMALI.

Vijana nao walikuwa uani wanarekebisha dira. Watatu kwa mpigo, mikono juu, wanazunguka polepole kama walevi wa asubuhi. Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akasimama getini na beseni lake kichwani, akawatazama kwa muda.

“Batoto, munatafuta nini?”

“Kaskazini, mama.”

Akanyoosha kidole ziwani. “Si kule? Ku Goma?”